Mizinga ya Kalunde na Mtani wa Pwani

Nyinyi wasichana mnaonifuata katika kazi ya ukalimani mmeniomba niwaachie maneno. Nitayaacha, ila kwa masharti yangu. Sikusoma hata darasa moja, kwa hiyo anayeandika ni mjukuu wangu Nyamizi, naye nimemwonya kwamba atakachokisikia ndicho atakachokiandika. Asipambe, wala asipunguze ukali wangu kwa kunionea haya. Habari za nilianza na cheo gani nikaishia na kipi hamtazikuta hapa. Hazimsaidii mtu aliyekaa uani kwa watu, mwanafunzi upande huu na mama mwenye nyumba upande ule, wote wawili wakimtazama yeye mdomoni.

Kabla ya ukalimani nilikuwa mfagizi wa chuo, hapa Tabora mjini. Nilifagia ngazi na ukumbi wa jengo walimofundisha masomo ya wanawake na jinsia. Jina hilo lilinishangaza. Nilidhani wanafundisha mapishi. Asubuhi moja nilikuwa nje ya mlango na ufagio wangu, nikamsikia mwalimu akiwauliza wanafunzi ni nani huamka wa kwanza katika nyumba za kwao, ni nani hula wa mwisho, na nani alipanga iwe hivyo. Wakainamia madaftari yao. Nilitamani kujibu pale pale mlangoni, lakini sikuajiriwa kwa ajili hiyo, nikaendelea na ngazi zangu. Tangu siku hiyo, hata hivyo, ngazi za mlango ule zilifagiliwa vizuri kuliko zote.

Mwalimu huyo ni Mwalimu Zuwena. Ni mtoto wa hapa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara ambao wazee wao walitoka Oman wakifuata njia ya misafara, wakafika Tabora wakaona panatosha. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu wa kusema, asiyecheka ovyo, na kwa hilo nilimpenda. Wakati ule wanafunzi wake walikuwa wamerudi Usoke, kwenye mashamba ya tumbaku, wakiwa mikono mitupu. Kila mwanamke waliyemuuliza ni nani mwenye kauli nyumbani alijibu "baba," akainama akaendelea na kazi.

"Mama Kulwa," aliniita, kwa maana ndivyo ninavyoitwa, kwa jina la mmoja wa mapacha wangu. "Wewe ni mzaliwa wa huko. Mbona wanatujibu neno moja?"

"Mmewauliza kwa Kiswahili, Mwalimu."

"Lakini Kiswahili wanakijua."

"Wanakijua sana. Ndicho wanachozungumza na karani anayepima tumbaku. Kwa hiyo wamekujibuni kama wanavyomjibu karani."

Alifunga daftari lake. Kisha akasema, "Wiki ijayo ufagio atashika mwingine. Wewe utakwenda nasi Usoke." Hakuniuliza kama nataka. Na mimi sikumwambia kwamba nilikuwa nikisubiri kuambiwa.

Tulikwenda kwa treni. Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa msichana wa Moshi aitwaye Neema, aliyevaa suruali. Tulipofika kwenye bani, yaani kibanda cha kukaushia tumbaku, tuliwakuta wanawake wamekaa safu, wakifunga majani kwenye mijiti. Niliwaamkia kwa Kinyamwezi, wakaitikia. Mmoja wao, mama mnene mwenye meno mazuri, akamtazama Neema kuanzia miguuni akapanda naye taratibu hadi kichwani, akasema jambo ambalo safu nzima ililicheka.

Nilimgeukia Mwalimu. "Nifasiri hivyo hivyo, au nilainishe?"

"Usilainishe," akasema. "Tusi nalo ni jibu."

Basi nikamwambia Neema: "Anauliza kama kaka yako amefariki, hata umerithi suruali yake."

Msichana aliiva uso. Nilidhani atalia, nikaanza kufikiri habari za treni ya kurudi. Badala yake akavuta pumzi akasema, "Mwambie kaka yangu yu hai, ila suruali hii imenikaa vizuri kuliko yeye." Nilifasiri. Yule mama alicheka hadi akaangusha mjiti wake, kisha akasogea akampa Neema nafasi ya kukaa. Hadi jua linapinda, Neema alikuwa amefunga tumbaku vibaya sana, na alikuwa ameambiwa mambo ambayo wenziwe walikosa kwa wiki nzima.

Kutoka siku hiyo nilipata kanuni zangu, na ninyi nawaachia. Usilainishe. Usiongeze. Usimjibie mtu anayefikiri, hata akichelewa hadi sufuria iungue. Mwanafunzi akae wanapokaa wenyeji, na afanye wanachofanya, kwa sababu mwanamke mwenye kazi mkononi husema zaidi kuliko mwanamke aliyewekewa kiti. Na ukalimani una vifaa vyake kama ufundi mwingine. Mimi nilibeba kanga za ziada, kwa wanafunzi wanaosahau kwamba watachutama. Sabuni za kuwapa wenyeji. Na kinasa sauti, ambacho sasa kimeingia ndani ya simu. Kinasa sauti msikifiche. Kiwasheni, kisha muwarudishie wenyewe wasikie. Kule Usoke bibi mmoja alijisikiliza kwa makini, akakunja uso, akaniuliza, "Huyu mwanamke msumbufu ni wa nyumba gani?" Nilipomwambia ni yeye, alitaka asikilizwe tena tangu mwanzo, na majirani waitwe.

Kesi ngumu hazikukosekana. Lusu, upande wa Nzega, kulikuwa na bwana aliyeweka kiti chake mlangoni, akamjibia mkewe kila swali. Tukimuuliza mama anaamka saa ngapi, bwana anajibu. Tukimuuliza mama uchungu wa kujifungua ulimjia wakati gani, bwana anajibu. Mwalimu Zuwena hakubishana naye. Siku ya pili alimleta mwanafunzi wa kiume na karatasi zake, akamwambia amuulize bwana habari za ng'ombe wake mmoja mmoja, rangi na ukoo. Bwana yule alikaa zizini hadi jioni akiwa na furaha ambayo sijaiona kwa mtu asiyekunywa kitu. Sisi tulikaa jikoni na mkewe. Tangu hapo kila safari tulikuwa na kijana wa ng'ombe.

Sasa nifike Ipole, maana najua ndiko mnakotaka nifike.

Mwaka ule nilipewa mwanafunzi aitwaye Mwanaidi, Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mwenye maneno mengi na macho yasiyotulia. Utafiti wake ulihusu mizinga ya nyuki: katika nyumba ambamo mume na mke wanafuga nyuki pamoja, mizinga huhesabiwa kuwa ya nani. Ipole ni mahali pa swali hilo. Wanaume huingia porini msimu wa kurina wakakaa dago, ndiyo kambi yao, na asali ikitoka porini inakuwa na jina la mwanamume. Mikono iliyobandua magome ya kutengenezea mizinga na kushona vifuniko vyake haitajwi.

Tulipofika tulipita kwanza kwa Mzee Maganga, mkubwa wa ukoo, kama adabu inavyotaka. Alitukaribisha vizuri, akamuuliza Mwanaidi kabila lake. Aliposikia Mzaramo, uso wake ulifunguka.

Hapa niwaeleze ninyi ambao wazazi wenu hawakuwaeleza. Utani wetu na Wazaramo ulitoka katika njia ile ya misafara. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, na kule mwisho wa safari waliwakuta Wazaramo. Wakauziana, wakagombana, wakazikana, wakaishia kuwa watani. Mtani atakutukana hadharani na kukuvua kofia. Msibani atafanya ambayo mtoto wa marehemu hawezi kuyafanya: atavaa nguo za marehemu, atatembea kama yeye, atasema kama yeye, na hatatoka uwanjani mpaka akombolewe kwa alitakalo. Mwenye kutaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake na ya ukoo wake.

"Mzaramo," akasema Mzee Maganga. "Babu zetu waliwafikishia pembe za ndovu hadi mlangoni, mkawapa nazi mbovu. Sasa umefuata nini huku? Hatuna ngoma ya kukuchezesha."

"Shikamoo, babu," akasema Mwanaidi. "Nimekuja kutazama kama shingo zimenyooka tangu mtue ile mizigo. Yako naona bado."

Mzee alipiga magoti yake kwa viganja. Tangu saa ile alimfanya mchezo wake. Alimtuma mtoto aende akafiche ndala za Mwanaidi. Alimpokonya sahani ya ugali mbele ya wageni. Katika mkutano wa kitongoji alimtambulisha kuwa mke wake mdogo kutoka pwani, aliyerudishwa na waume wote wa huko kwa uvivu. Kijiji kilifurahi sana. Lakini kila Mwanaidi alipofungua habari za mizinga, mzee aliifunga kwa mlango huo huo: "Mzaramo na nyuki wapi na wapi? Kaulize minazi." Watu wakicheka, swali linapotea. Mimi niliona kwamba anajua afanyalo.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa jirani na kwa mjane aitwaye Kalunde. Mumewe, Mihambo, alikuwa mdogo wake Mzee Maganga. Kalunde alikuwa mwanamke mpole, mwenye mikono ya mtu wa kazi. Jioni ya tatu au ya nne, tukiwa tunasaidiana naye kushona vifuniko vya mizinga, alituambia yaliyokuwa yakimnyima usingizi. Siku ya kumaliza msiba wa Mihambo ilikuwa imekaribia, na siku hiyo Mzee Maganga angesimama mbele ya ukoo aichukue mizinga yote, ile iliyoko porini na ile iliyoshushwa kwa matengenezo, kwa kuwa mizinga ni ya mwanamume na mwanamume amekufa.

Mwanaidi aliuliza, nami nikafasiri: "Ni nani aliyeitengeneza?"

"Tulitengeneza wote," akasema Kalunde. "Kisha kifua chake kikaharibika, akawa hawezi kupanda. Nikapanda mimi. Alisimama chini ananielekeza, naye anakohoa. Shemeji alikuwa mjini wakati huo."

"Ukinyang'anywa itakuwaje?"

Kalunde hakujibu upesi. Sufuria yake ilianza kunuka, nami sikusema neno. "Binti zangu wawili wako sekondari kule Sikonge," akasema mwishowe. "Wanasoma kwa asali. Asali ikiondoka, watarudi hapa, na mwaka haujaisha wataolewa. Hilo ndilo litakalokuwa."

Usiku ule Mwanaidi hakusema kitu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa. Asubuhi alimpigia simu Mwalimu Zuwena, akaweka sauti ili nami nisikie. Alimweleza yote. Alisema sheria inamlinda Kalunde, na Mwalimu alikubali kwamba inamlinda; lakini shauri lingefunguliwa baada ya mizinga kuhamishwa, lingechukua msimu mzima au zaidi, na Kalunde angeishi miaka yote iliyobaki katikati ya watu aliowashitaki.

"Kuna njia nyingine," akasema Mwanaidi. "Mimi ni mtani wao. Yeye mwenyewe amenitangaza mbele ya kijiji."

"Kama mtafiti," akasema Mwalimu, "nakukataza. Mtafiti haingii katika shauri la watu anaowatafiti. Ukiingia, nyumba hiyo utaifuta katika kazi yako, kila neno."

"Na kama mtani?"

"Mimi sina utani na Wanyamwezi. Kwa hilo sina mamlaka."

Mimi nilimkataza kwa kauli nzito zaidi. Nilimwambia kwamba msiba wa watu si jukwaa, na kwamba akikosea hatua moja, mwaka wake wa masomo umekwenda na Kalunde ataachiwa lawama. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Bibi," akasema, "kazi yako ni kufasiri. Nikisema neno siku hiyo, utalifasiri?"

"Nitalifasiri."

"Bila kulainisha?"

Nilimtazama mtoto yule. "Sijawahi kulainisha," nikamwambia, "na sitaanzia kwako." Kisha nikaenda kwa Kalunde nikamwambia kinachotaka kufanyika, kwa kuwa mizinga ilikuwa yake na hatari ilikuwa yake. Kalunde alifikiri. Aliingia ndani, akatoka na koti la kijivu la Mihambo na kofia yake ya pama, akaviweka mikononi mwa Mwanaidi. "Mguu wa kushoto aliuburuta kidogo," akasema. "Na alipenda kusema 'sikiliza wewe' kabla ya kila neno."

Siku ya kumaliza msiba uwanja ulijaa. Mizinga iliyoshushwa ilikuwa imepangwa kando ya nyumba. Watu walikula, wakaomba, wa misikiti kwa dua yao na wa makanisa kwa sala yao, kisha Mzee Maganga akasimama na fimbo yake. Alishukuru waliohudhuria. Akasafisha koo. Alikuwa ndiyo kwanza ametamka neno "mizinga" pale mtu mwenye koti la kijivu alipotokea nyuma ya nyumba, akikohoa, akiburuta mguu wa kushoto, akiwa na kienge cha majani makavu kinachofuka moshi mkononi. Alipita katikati ya wazee bila kumwamkia mtu, akapanda juu ya mizinga, akakaa.

"Sikiliza wewe," akasema. "Mbona mmeanza kula bila mimi?"

Uwanja ulishtuka, kisha kicheko kikatoka upande wa wanawake kikazunguka hadi kwa wazee. Nikasimama mahali pangu nikafasiri kwa Kinyamwezi. Hapakuwa na mtu asiyejua Kiswahili pale, ila wote walitaka walisikie tena kwa lugha ya marehemu. Basi kila neno lilichekwa mara mbili.

Mzee Maganga naye alicheka, kwa kuwa alilazimika. "Mtani amekuja," akasema. "Mpeni kuku ashuke."

"Kuku nilikula nikiwa hai," akasema Mwanaidi. "Nisikilize wewe kaka. Ule mzinga wa kwenye mninga mkubwa, karibu na kijito. Unaujua?"

"Naujua."

"Umeningoja nife ndiyo uujue? Mwaka niliougua, nani aliupandisha?"

Mzee alitazama chini. "Mpeni mbuzi," akasema.

"Mbuzi atanikohoza. Nakuuliza aliyepanda. Alikuwa na ndevu?"

Wanawake walianguka kwa kicheko. Mwanaidi akaendelea kumuuliza: nani alibandua magome, nani alishona vifuniko, na yeye kaka mkubwa alikuwa mjini kwa biashara gani, maana huku kijijini zawadi yake haijafika bado. Nilifasiri kila kitu. Jasho lilinitoka, lakini sikuruka neno. Mzee Maganga alikuwa akifuta uso kwa kitambaa, na sikuweza kujua kama ni jasho au ni machozi ya kicheko. Nadhani vilichanganyika.

"Sema unachotaka, Mzaramo," akasema hatimaye. "Useme ushuke."

"Mimi si Mzaramo. Ni ndugu yako, nimekufa, na nina haraka. Sema mbele ya watu hawa mizinga hii ni ya nani."

"Ni ya ukoo."

"Haya." Mwanaidi akajilaza chali juu ya mizinga, akajifunika uso kwa kofia. "Basi nimerudi kuishi na ukoo. Usiku nitalala kitandani kwako. Mwambie shemeji asogee."

Kicheko kilitulia. Mwanaidi hakuinuka. Moshi wa kile kienge ulikuwa ukipanda polepole, na mtendaji wa kijiji alikuwa ameshikilia sahani yake bila kula. Nilimtafuta Kalunde kwa macho. Alikuwa amekaa kati ya wajane wenzake, ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili, hacheki. Siku ile ndiyo pekee katika miaka yangu yote niliyotamani kuongeza neno langu mwenyewe. Sikuongeza.

Aliyenena ni shangazi yao, bibi aliyekuwa amekaa mkekani tangu asubuhi bila kusema na mtu. Alisema kwa Kinyamwezi, kwa sauti ndogo, akimtazama Maganga: "Mjibu mdogo wako. Amekuuliza."

Mzee Maganga aliegemea fimbo yake. Aliwatazama watu, akalitazama lile koti.

"Mizinga ni ya Kalunde," akasema. "Ya hapa na ya porini. Wote mmesikia. Na wewe shuka, Mzaramo, utaipasua."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika hadi Sikonge. Mwanaidi alishuka, akavua kofia, akapiga magoti akamwamkia mzee shikamoo kama mjukuu, na mzee akaitikia marahaba, kisha akampokonya ndala zake zote mbili akazirusha juu ya paa. Ndivyo utani unavyofungwa. Hakuna aliyeona kwamba ameshindwa na mwanamke au na chuo. Alikuwa amemjibu mdogo wake. Neno lililosemwa siku ya kumaliza msiba, mbele ya ukoo, halirudishwi. Na yeye mwenyewe, tangu hapo, alilisimulia kila mahali kana kwamba lilikuwa wazo lake.

Mwalimu Zuwena alitimiza aliyoyasema. Aliifuta nyumba ya Kalunde katika utafiti wa Mwanaidi, kila neno, na msichana akalazimika kuanza upya katika kijiji kingine ambako hakuwa na mtani wala rafiki, hali wenziwe wamekwisha kufunga mizigo. Nilikwenda naye. Alifanya kazi ile akiimba. Mwalimu alipoipokea, aliisoma mbele yetu, akaifunga, akauliza kwa uso ule ule mkavu: "Na yule marehemu wa Ipole, hajambo?" Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akitania.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa ya Ipole, msimu wa kurina. Kalunde alikuwa na dago lake mwenyewe, na wanawake wengine walikuwa wameingia naye porini, wakiwa na watoto mgongoni na sufuria kichwani, kwa kelele ambazo warina asali wa zamani wangezilaani. Binti zake walikuwa wamekuja likizo, wakiwa bado na kitabu kimoja kimoja katika mikoba yao. Mzee Maganga naye alikuwepo. Alisema amekuja kukagua, ila nilimwona akipuliza moto.

Moto huo ulikuwa wa kuchomea alama. Kila mrina asali hutia alama ya ukoo katika mzinga wake, nayo baba humwachia mwana wa kiume. Mwanamke hapewi, kwa hiyo Kalunde hakuwa nayo, na alama ya Mihambo ilikuwa imerudi kwa ukoo wake. Ilibidi atunge yake. Basi kazi yote ikasimama na watu wakaanza kubishana.

"Weka jembe," akasema mmoja.

"Jembe nitalishika shambani. Huku nimelikimbia."

"Weka nyota," akasema binti yake mdogo.

"Weka nazi," akasema Mzee Maganga, "kwa heshima ya mke wangu wa pwani."

"Wewe puliza moto, shemeji," akasema Kalunde, naye akapuliza.

Alikichukua chuma kilichoiva motoni, akainama juu ya mzinga mpya, akavuta mstari mmoja mrefu, na mwingine mfupi uliokata ule mrefu karibu na mwisho wake. Moshi ulitoka, harufu ya gome ikajaa. Alirudi nyuma akaitazama alama yake, akaona inatosha.

Mwanafunzi niliyekuwa naye mwaka ule, msichana wa mwaka wa kwanza mwenye miwani, alisogea na kalamu yake. Alisema kwa heshima kwamba anaomba kujua maana ya alama hiyo kwa mwanamke aliyeichagua mwenyewe. Nilifasiri. Kalunde aliifikiria, chuma kikiwa bado mkononi, kisha akajibu, na msichana yule akanitazama mdomoni.

"Anasema," nikamwambia, "maana yake ni usiguse."